Usanifu wa mitambo na uzalishaji katika vyuo vya jamii Marekani: dhana potofu na ukweli

Marekani ina vyuo vya jamii vya umma tangu 1901, kile cha Joliet, Illinois, kilipofunguliwa. Vingi vya leo vina kozi ya miaka miwili ambamo mwanafunzi huchora kipande kwenye kompyuta, huandika programu ya mashine, hukikata, kisha hukipima. Wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na kwingineko wakifikiria kujiunga husikia mengi kuhusu kozi hii, na baadhi yake yanaharibu: ama yanamtia mtu woga bure, ama yanamwingiza karakana akiwa hana tahadhari.

Dhana: Kompyuta inakata yenyewe, mwanafunzi ni wa kubonyeza kitufe.

Mashine ya CNC, yaani ya kukata inayoongozwa na kompyuta, haijui kipande unachokitaka. Inafuata namba tu. Kabla ya kitufe kuguswa, kazi inafungwa kwenye jiriwa na kugongwa kwa nyundo laini hadi ilale sawasawa. Sifuri ya kazi, yaani pale vipimo vyote vinapoanzia, inatafutwa na kuhifadhiwa kwenye G54, nafasi ya kumbukumbu ya mashine. Kisha urefu wa kila kisu unapimwa na kuandikwa kwenye jedwali la mashine.

Hapo kwenye urefu wa visu ndipo wanafunzi wengi huharibu. Programu huuita urefu huo kwa amri ya G43 ikifuatwa na herufi H na namba ya kisu kwenye jedwali. Tuseme kisu namba 5 kinakizidi namba 3 kwa milimita 40. Ukiandika H03 wakati kilichofungwa ni namba 5, mashine itaamini ncha iko milimita 40 juu zaidi ya ilipo kweli, nayo itashuka kwa G00, mwendo wa kasi kuliko yote. Kisu kinavunjika, kazi inang'oka kwenye jiriwa, na beringi za spindo, mhimili unaozungusha kisu, zinaweza kuharibika.

Nukta ya desimali nayo ina hatari yake. Katika mashine nyingi, ukiandika X10 bila nukta mashine inasoma hatua kumi ndogo kabisa, yaani milimita 0.010. Ukiandika X10. yenye nukta inasoma milimita 10. Kuna mashine nyingine zilizopangwa kusoma zote mbili kama milimita 10, kwa hiyo weka nukta kila mara usihangaike kukumbuka ipi ni ipi.

Ndiyo maana programu mara ya kwanza huendeshwa mstari mmoja mmoja, mwendo wa kasi ukiwa umepunguzwa hadi asilimia 25 au chini yake, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Simamisha kisu kikiwa juu ya kazi kidogo, kisha tazama kwenye skrini umbali uliobaki. Macho yakiona milimita 25 na skrini ikisema 65, kuna kosa la milimita 40, na umelikuta kabla halijagharimu kitu.

Mizunguko ya kisu pia huchaguliwa na mtu. Chukua kasi ya ukataji kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 1000, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha kisu. Chuma laini kikikatwa kwa kisu cha HSS (chuma kigumu cha visu) cha milimita 12, kwa kasi ya mita 30, unapata mizunguko kama 800 kwa dakika. Kisu kikiwa na meno 4 na kila jino likila milimita 0.05, mwendo wa meza ni 800 × 4 × 0.05, yaani milimita 160 kwa dakika. Ukipandisha mizunguko ukauacha mwendo wa meza palepale, meno yanasugua badala ya kukata, joto linapanda na makali yanakufa mapema.

Dhana: Glavu hulinda mikono.

Zinalinda unapobeba chuma chenye kingo kali. Mbele ya mashine ya kukereza au kekee inayozunguka, vua. Glavu ikinaswa huvuta mkono mzima kabla hujapata nafasi ya kuurudisha. Ni hivyohivyo kwa mikono mirefu ya shati, pete, na ncha za mtandio: anayevaa hijabu aivae ya kubana, ncha zote zikiwa ndani ya nguo. Ufunguo wa chaki (chuck, kishikio kinachozunguka cha mashine) hautoki mkononi mpaka urudi mahali pake. Chenga huondolewa kwa brashi, mashine ikiwa imesimama.

Dhana: CAD (uchoraji wa vipande kwa kompyuta) ni kuchora picha nzuri.

Mwanafunzi anayejua programu tu huchora vitu visivyokatika. Mfano ulio wazi ni shimo la mraba lenye kona za ndani kali. Kisu cha kusaga ni mviringo, hivyo kikiwa na kipenyo cha milimita 10 lazima kiache kona yenye nusu kipenyo cha 5. Ukichora kona ya nusu kipenyo cha 3 kwenye shimo lenye kina cha milimita 40, umemlazimisha mkataji atumie kisu kisichozidi milimita 6 kilichojitokeza zaidi ya mara sita ya kipenyo chake. Kitapinda, kitapiga kelele, na ukuta utatoka na mawimbi. Ukirefusha sehemu ya kisu iliyojitokeza mara mbili, kupinda kunaongezeka mara nane. Nusu kipenyo ikiwa 6.5, kisu cha milimita 12 kinaingia na kugeuka pale konani bila kubanwa, na kazi inakwisha kwa muda mfupi zaidi. Tofauti hiyo ililetwa na mchoraji.

Kuna na mtego kwa waliosomea kwingine. Michoro ya Marekani hutumia makadirio ya pembe ya tatu: mwonekano wa kulia huwekwa upande wa kulia, wa juu huwekwa juu. Vitabu vingi vya Ulaya hutumia pembe ya kwanza, ambako mwonekano wa kulia huwekwa kushoto. Ukisoma mchoro mmoja kwa macho ya mwingine, tundu litatobolewa upande usio wake, huku kila kipimo kikiwa sahihi. Angalia alama ya koni iliyokatwa ncha kwenye kona ya mchoro kabla ya kusoma chochote.

Dhana: Kipimo kikibana zaidi, kipande ni bora zaidi.

Kipimo hubana pale tu kazi ya kipande inapotaka. Tundu la milimita 25 linaloingia shafti kwa usahihi hupewa H7, alama ya kiasi kinachoruhusiwa kuzidi: lisipungue 25.000, lisizidi 25.021. Tundu la bolti karibu yake halihitaji hivyo, kwani bolti ya milimita 8 hupita vizuri kwenye tundu la 9. Ukiandika H7 kwenye matundu yote, kila moja litahitaji kutobolewa, kupanuliwa kwa rima na kupimwa kwa geji, na bei itapanda bila kipande kufanya kazi vizuri zaidi.

Kisha kuna joto, ambalo wengi hulisahau. Vipimo vya viwandani husomwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Alumini ya urefu wa milimita 100 ikiwa na joto la nyuzi 30 hurefuka kwa takriban milimita 0.023. Mwanafunzi anaipima ikiwa bado ya moto, anaona imezidi, anakata tena, na ikipoa inakuwa fupi. Maikromita haikumdanganya. Iache ipoe kwanza.

Dhana: Printa za 3D zimemaliza kazi ya kukata chuma.

Zinafaa kwa sampuli na vishikizi vya kusaidia kazi. Lakini kipande cha plastiki kilichochapwa tabaka juu ya tabaka huwa dhaifu pale tabaka zinapoungana, na matundu yake mara nyingi hutoka madogo kuliko mchoro. Hata vipande vya chuma vilivyochapwa kwa kawaida hupelekwa kwenye mashine ili sehemu za kuingia beringi zipate kipimo.

Dhana: Hesabu zake ni za chuo kikuu.

Za kila siku karakana ni desimali, kubadili inchi kuwa milimita (inchi 1 ni 25.4 kamili), na trigonometria ya pembetatu mraba. Matundu sita kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 80, la kwanza likiwa X 40 na Y 0: la pili liko X 40 × cos 60, yaani 20, na Y 40 × sin 60, yaani 34.641.

Dhana: Diploma ya miaka miwili ni nusu ya digrii ya uhandisi.

Inategemea ni ipi. Ile inayoitwa AAS (Associate of Applied Science), ya krediti kama 60 za masomo, imetengenezwa kwa ajili ya kuingia kazini. Anayetaka uhandisi aulizie AS (Associate of Science), yenye kalkulasi na fizikia inayotumia kalkulasi, kwa sababu hizo ndizo chuo kikuu huzihesabu. AAS hukubalika zaidi kwenye digrii za teknolojia ya uhandisi. Chuo kikuu unachokusudia kwenda ndicho cha kuulizwa ni masomo gani kitayapokea, kabla hujajisajili.

Kuhusu ada: mwenye ukazi wa kudumu anaweza kuomba ruzuku ya Pell, msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 7,395, na hairudishwi kama mkopo. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hastahili.

Dhana: Kiingereza kigumu kitanifelisha.

Michoro, alama na namba hubeba sehemu kubwa ya kazi. Maneno machache ya karakana ndiyo ya kujihadhari nayo. Fundi wa Marekani akisema kipande kimezidi kwa "tenth", aliyekulia kwenye milimita atadhani ni sehemu ya kumi. Yeye anamaanisha sehemu ya elfu kumi ya inchi, karibu milimita 0.0025. Mwombe aiandike 0.0001 kwenye karatasi, ndipo urudi kwenye mashine.