Ruleti ni mchezo gani, na kwanini ile sifuri ya kijani ndo yenye kasino

Wengi wetu ruleti tumeiona kwenye muvi tu, watu na suti zao wamekodolea macho gurudumu linazunguka. Neno ni la Kifaransa, maana yake kigurudumu, na mchezo ulikulia hukohuko Ufaransa karne ya 18, kufikia miaka ya 1790 Paris walikuwa wanaucheza karibu vilevile unavyochezwa leo. Kuna stori kwamba aliyeanzisha ni mwanahesabu Blaise Pascal, eti alikuwa anatafuta mashine ya kujizungusha yenyewe milele. Stori tamu, ila mi naiweka kwenye hadithi.

Kucheza hakuna ugumu. Gurudumu lina vitundu vya namba 1 mpaka 36, nusu vyekundu nusu vyeusi, plus 0 ya kijani. Unaweka chipu zako, vile vidude vinavyosimama badala ya hela (sio chipsi mayai), kwenye meza iliyochorwa namba hizohizo, mchezeshaji anazungusha gurudumu upande huu, kampira anakarusha upande ule, na kabla hakajadondoka anatangaza basi, hakuna kuweka tena. Ukipatia namba moja unalipwa mara 35 na dau lako unarudishiwa, ukipatia rangi, au shufwa na witiri, elfu inazaa elfu.

Sasa piga hesabu. Vitundu 37, we ukiweka chipu moja ukapatia namba, mkononi unabaki na chipu 36. Hiyo moja iliyopungua ndo mshahara wa kasino, kama asilimia 2.7 ya kila dau, na 0 ikitoka wa nyekundu na wa nyeusi wote mmeliwa.

Tena zamani ilikuwa mbaya zaidi, kulikuwa na 0 na 00. Mwaka 1843 ndugu wawili, François na Louis Blanc, wakaitoa 00 kwenye kasino yao ya Bad Homburg, Ujerumani, ili wavute wateja, na miaka ya 1860 François akahamia na ruleti hiyo ya 0 moja Monte Carlo, kule Monaco. Marekani wao wengi wamebaki na 00 yao, malipo yaleyale, so kule kasino inakula asilimia 5.26.

Hapohapo Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo na watu wakafilisika kwa kuisukumia hela nyekundu, wakiamini sasa ni zamu yake, wakati kila mzunguko nyekundu ilikuwa na nafasi ileile, 18 kati ya 37.