Mlezi wa kujitolea ni nani?

Mlezi wa kujitolea ni mtu mzima anayekubali kukutana na mtoto asiye wake, kwa siku na saa inayojulikana, kwa muda mrefu na bila malipo, ili mtoto huyo apate mtu mmoja zaidi wa kumsikiliza na kumwongoza. Hachukui nafasi ya mzazi. Hatarajiwi kulipa ada wala kununua sare, na tuisheni ina walimu wake. Pia hili ni tofauti na kafala, inayotambuliwa na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011. Kwenye kafala mtoto huenda kuishi na anayemlea; kwa mlezi wa kujitolea, jioni mtoto anarudi kwao.

Utaratibu huu kwa sura yake ya kisasa una asili ya Marekani. Mwaka 1904 Ernest Coulter, karani wa mahakama ya watoto New York, aliwaomba watu wazima wajitolee, kila mmoja awe rafiki wa mtoto mmoja kati ya wale waliokuwa wakifikishwa mahakamani.

Kwetu Visiwani wengi watasema hili tunalo tangu enzi za mababu: mtoto akikosea, jirani yeyote humrudi. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini mtoto wa hapa hukemewa na watu kumi kwa siku, na akapita wiki nzima bila mkubwa hata mmoja kumuuliza anapenda nini au anaogopa nini. Hapo ndipo mlezi anapohitajika.

Tuseme fundi baiskeli wa Wete, na mtoto wa miaka tisa ambaye baba yake yuko dago, kambi ya wavuvi, miezi hajarudi. Kila Alkhamisi alasiri, siku ambayo chuo cha Kurani hakina darasa, mtoto anakuja na mama yake anajua yuko wapi. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, baba. Njoo tuitafute pancha." Wanauzamisha mpira kwenye beseni la maji, mtoto anasaka povu linapotokea, anaweka kidole, anapiga msasa, anapaka solusheni na kusubiri ikauke kabla ya kubandika kiraka. Katika kule kusubiri ndiko maneno yanakotoka: kwamba skuli anakaa nyuma na haoni ubao. Fundi halaumu wala hahubiri. Jioni anamfikishia mama, na mama anakwenda kumwona mwalimu. Kiraka kilikuwa kisingizio tu cha kukaa pamoja, na mtoto hapaswi kugeuzwa kibarua wa gereji.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kudumu. Utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes, uliochapishwa Marekani mwaka 2002, ulionyesha kuwa waliofaidika zaidi ni watoto waliodumu na walezi wao mwaka mmoja au zaidi, na kwamba uhusiano uliokatika ndani ya miezi michache ya mwanzo ulimwacha mtoto akijithamini kidogo kuliko awali. Mtoto aliyekwisha kuachwa na mkubwa mmoja huona kosa ni lake. Kwa hiyo kama huna uhakika na mwaka wako, usianze. Saa moja kwa wiki isiyokosekana inamfaa kuliko siku nzima ya matembezi Forodhani halafu kimya.

Usalama nao hauna mjadala. Mzazi aridhie, sheha ajue, na mkutane mahali pa wazi: barazani, uwanjani, dukani mbele za watu. Hakuna siri kati ya mlezi na mtoto ambayo mzazi hatakiwi kuijua, ila pale mtoto anapoeleza kwamba anaumizwa nyumbani. Hapo hupaswi kunyamaza, na simu ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo.

Na ikibidi kuondoka, tuseme umepata kazi Dar es Salaam, mwambie wiki kadhaa kabla, uagane naye mbele ya mzazi wake, na kama unaahidi kumpigia simu, taja siku ambayo kweli utaweza.