Mtambo mkubwa wa meli hadi Kigoma: yanayosemwa gatini na ukweli wake

Anayetaka kuweka injini mpya kwenye meli yake ya mizigo hapa Ziwa Tanganyika, au kuagiza boti ya abiria kutoka ng'ambo, hakosi washauri Kibirizi na Ujiji. Kila mmoja ana la kumwambia, na mengi husemwa kwa nia njema. Lakini yapo yanayowatia watu hasara kubwa, tena hasara yenyewe huanza siku mkataba unaposainiwa, mtambo ukiwa bado kiwandani.

"Kazi ni baharini. Ukishafika Dar es Salaam, umefika."

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Baharini ndiko kwepesi. Zipo meli zenye kreni zake zenyewe zinazobeba kipande kimoja cha mamia ya tani, na kwa meli kama hizo injini ya tani 20 ni mzigo wa kawaida kabisa. Shida huanza mzigo unapotoka geti la bandari. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ya zamani ni zaidi ya kilomita 1,200, juu ya njia yenye upana wa milimita 1,000, na kila daraja lina uzito na nafasi linayoiruhusu. Barabarani nako, ukomo wa uzito katika nchi za Afrika Mashariki ni tani 56, gari na mzigo wake kwa pamoja, na kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, ina kikomo chake peke yake. Kwa hiyo gari linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likakwama mizani, kwa sababu uzito wote umelalia ekseli za nyuma. Mzigo unaozidi vipimo huombewa kibali cha mizigo isiyo ya kawaida, nacho huja na masharti yake: njia ya kupita, saa za kutembea, gari la kusindikiza.

Ndiyo maana vipimo vinatakiwa kuanzia Kigoma na kurudi nyuma hadi kiwandani. Uliza kwanza ni kipande cha urefu, upana, kimo na uzito gani kinachoweza kufika gatini kwako, kisha mpe muuzaji jibu hilo kabla hajakata chuma.

Waliotutangulia walilijua hili. Meli ya Liemba, iliyozaliwa kwa jina la Graf von Götzen, iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapita baharini hadi Dar es Salaam na kupanda reli kuja huku. Iliungwa upya hapa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Ina urefu wa mita 71 hivi, lakini hakuna mita 71 iliyowahi kupita Tabora. Mwaka huohuo wa 1915 Waingereza walileta boti mbili ndogo zilizoitwa Mimi na Toutou, zenye urefu wa kama mita 12 kila moja, zikiwa nzima. Zilitoka Cape Town kwa reli, kisha zikavutwa milimani Kongo kwa matrekta ya mvuke na makundi ya ng'ombe. Inawezekana, basi, kuleta kitu kizima. Ila mtu ahesabu kwanza watu, miezi na fedha vilivyotumika kwa boti za mita 12.

"Ni nyepesi, nauli itakuwa ndogo."

Boti ya faibaglasi ndiyo inayowaponza wengi hapa. Nauli ya mzigo usioingia kwenye kontena kwa kawaida hupigwa kwa tani au kwa mita ya ujazo, ile iliyo kubwa ndiyo inayolipiwa. Chukua boti ya urefu wa mita 9, upana mita 3 na kimo mita 3 ikiwa juu ya kitanda chake cha chuma. Hizo ni mita za ujazo 81. Hata ikiwa na tani 5 tu, utalipia 81. Kushusha mlingoti, kuondoa kibanda cha nahodha na kutengeneza kitanda kifupi zaidi kunaweza kukuokolea fedha nyingi kuliko kubishana bei na wakala.

"Kama haingii kwenye kontena, haisafiri na meli za kontena."

Inasafiri. Mlango wa kontena la kawaida una upana wa mita 2.34 na kimo cha mita 2.28 hivi, na injini nyingi za meli haziwezi kupita hapo. Lakini yapo makontena ya paa wazi, na yapo yasiyo na paa wala kuta za pembeni, yenye sakafu imara na kuta mbili za mwisho tu. Mzigo hufungwa humo kwa minyororo na kuruhusiwa kuzidi kwa juu au kwa pembeni. Utalipia nafasi za makontena jirani unazoziziba, kwa hiyo sentimita chache za bomba la moshi lisilofunguliwa zinaweza kukugharimu sana. Na usitegemee uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha kiwanda: tangu Julai 1, 2016, kanuni za usalama wa baharini duniani zinadai uzito uliothibitishwa wa kila kontena lililojazwa kabla halijapakiwa melini.

"Nimenunua kwa CIF, bima ipo."

Ipo, lakini iangalie. Kwa CIF, yaani bei inayojumlisha mali, bima na nauli hadi bandarini, muuzaji hulazimika kukata bima ya kiwango cha chini tu, inayohusu majanga makubwa kama moto, meli kuzama, au lori kupinduka. Wizi wa vifaa vidogo, maji ya chumvi kuingia kwenye silinda, injini kuangushwa wakati wa kupakua, vyote vinaweza kubaki juu yako. Tena kwa CIF hatari huhamia kwa mnunuzi mara mzigo unapopakiwa kule ulikotoka. Omba bima pana, na uhakikishe mwisho wa safari ulioandikwa ni Kigoma.

Asiye na bima kabisa ana jambo jingine la kujua. Meli ikipata janga na gharama za kuiokoa zikagawanywa kwa wote wenye mali ndani yake, nawe utachangia hata kama mtambo wako haukuguswa. Wenye mizigo ndani ya Ever Given, iliyoziba Mfereji wa Suez mwaka 2021, walikutana na hesabu hiyo.

Kuhusu kodi ni fupi: forodha haitazami bei ya kununulia peke yake. Thamani inayotozwa hujumlisha nauli na bima hadi bandari ya kuingilia, kwa hiyo nauli ikivimba, kodi nayo inavimba.

"Kreni ya tani 50 inanyanyua tani 50."

Inanyanyua hizo mkono ukiwa mfupi na mzigo ukiwa karibu kabisa na kreni. Kadiri mkono unavyonyooka kuelekea kwenye meli yako, uwezo hushuka kwa kasi, na kwa umbali wa mita 10 au 15 kinachobaki kinaweza kuwa sehemu ndogo tu ya hizo 50. Kila kreni ina jedwali lake la uzito na umbali. Omba kuliona kabla ya siku ya kupakua, ukiwa na mchoro wa mtambo unaoonyesha kitovu cha uzito na pete za kunyanyulia, na upime kwa utepe umbali kutoka pale kreni itakaposimama hadi pale injini itakapokaa.