Busta ya mtandao kwenye gari: kazi yake na mipaka yake

Busta ya mtandao ni kifaa kinachopokea mawimbi dhaifu ya simu kwa antena iliyofungwa nje ya gari, kikayaongezea nguvu, kisha kikayarusha ndani ya gari kwa antena ndogo ili simu iyapate. Na simu inapojibu, kifaa hicho hicho huchukua jibu lake, hulikuza na kulirudisha mnarani. Watu wengi, hata hivyo, hukinunua wakiamini kwamba kitawaletea mtandao mahali usipokuwapo kabisa. Busta huzidisha kilichopo, na sifuri ikizidishwa mara laki moja hubaki sifuri. Kwa dereva wa gari la wagonjwa anayempeleka mama mjamzito hospitali ya wilaya, kuielewa tofauti hiyo kabla ya safari ni jambo zito, kwa sababu fedha aliyoitoa kwa busta isiyomfaa ingeweza kununua kitu kingine kinachomfaa.

Tuchukue barabara ya kutoka Itigi kwenda Makongolosi kupitia Rungwa, nchini Tanzania, ambayo hupita katika mapori marefu yenye vijiji vichache. Mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni duara, kwa hiyo mnara wenye urefu wa mita 40 kwenye tambarare hufikia upeo wake kiasi cha kilomita 26 kutoka ulipo. Simu iliyo mita moja na nusu juu ya ardhi huongeza kilomita tano hivi, na baada ya hapo ardhi yenyewe huanza kukinga. Milima hufanya hivyo mapema zaidi. Anayeteremka kutoka uwanda wa Ufipa kuelekea Ziwa Rukwa anaweza kuzungumza vizuri akiwa juu ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kisha akapoteza mtandao baada ya kona chache tu, kwa kuwa ukingo umesimama kati yake na mnara. Kuna pia mpaka usioonekana kwa macho: katika mfumo wa 2G kila simu hupewa zamu fupi sana ya kutuma, na simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35 hivi huchelewa kufikisha sauti yake ndani ya zamu hiyo, hata kama mawimbi yana nguvu ya kutosha, isipokuwa mnara umepangwa maalumu kuhudumia umbali mkubwa zaidi. Hakuna busta inayoweza kufupisha umbali.

Gari lenyewe ni kizuizi cha pili, na hiki ndicho kilicho mikononi mwetu. Bodi ya chuma huzuia mawimbi, hivyo kinachoingia hupitia madirishani, na vioo vyenye utando wa madini wa kupunguza joto hupunguza hata hicho. Dereva anayeiweka simu karibu na gia ameiweka mahali pabaya. Ili kujua kiasi kinachopotea, tusitegemee vile vistari vya juu ya kioo cha simu, kwa sababu kila mtengenezaji huvipanga apendavyo. Kipimo cha kweli ni desibeli, kinachoandikwa dBm kwa namba hasi, na katika simu nyingi za Android hupatikana ndani ya Mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kwenye hali ya laini. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: kwa 2G, −70 ni mtandao mzuri, na kwenye −105 mazungumzo huanza kukatika. Kila desibeli tatu zinazopotea huondoa nusu ya nguvu, na desibeli kumi huacha sehemu moja tu ya kumi. Angalizo moja: 4G hupimwa kwa njia tofauti na namba zake huwa chini zaidi, kwa hiyo namba ya 2G ilinganishwe na ya 2G, na ya 4G na ya 4G.

Ukisimama sehemu moja, ukapima simu ikiwa kitini, kisha ukapima tena ukiwa umetoka nje na kuiinua juu ya paa la gari, tofauti utakayoiona ndiyo faida ya kwanza ya antena ya nje, kabla umeme wowote wa kukuza haujatumika. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya sifa wanazopewa watengenezaji wa busta ni ya antena hiyo. Urefu wake hutegemea masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, inayohesabiwa kwa megahezi. Wimbi la megahezi 900, linalotumiwa sana na 2G katika nchi zetu, lina urefu wa sentimita 33, na antena nyofu ya robo wimbi huwa na sentimita nane tu, mradi imesimama katikati ya paa la chuma, kwa kuwa chuma hicho hufanya kazi kama nusu ya pili ya antena. Paa la turubai au la plastiki halina msaada huo, na hapo hutakiwa antena ya aina isiyotegemea chuma chini yake.

Wauzaji husifu antena ndefu zenye ukuzaji mkubwa, na hapa inafaa kufikiria donge la unga. Antena haiongezi unga. Hulisukuma donge likawa chapati, yaani hupunguza nguvu inayokwenda juu na chini ili ienee mbali pembeni. Kwenye tambarare za Rungwa au nyika za Marsabit chapati nyembamba na pana ndiyo inayofaa. Kwenye milima, ambako gari hupanda na kuinama na mnara huwa juu au chini yako, chapati hiyo huelekea mawinguni au ardhini, na antena fupi yenye donge nene humfaa dereva zaidi. Waya nao hula sehemu yake: waya mwembamba hupoteza kiasi cha nusu desibeli kwa kila mita katika megahezi 900, na zaidi ya hapo katika 1800, ndiyo maana waya wa ziada hukatwa na fundi kwa kipimo badala ya kuviringishwa chini ya kiti. Kiungio kilichoingia maji na vumbi la barabarani kinaweza kumaliza faida yote iliyopatikana.

Busta yenyewe hukabiliwa na tatizo ambalo kila aliyekaa kwenye mkutano wenye vipaza sauti analijua: maikrofoni ikisogezwa karibu na spika, sauti hujirudia hadi ikawa mlio mkali. Antena ya ndani ikisikika na ile ya nje, busta huanza kujikuza yenyewe, na iliyotengenezwa vizuri hujipunguza au kujizima. Paa la chuma, ambalo lilikuwa adui wa simu, hapa huwa ukuta mzuri wa kuzitenganisha antena hizo mbili. Kwa sababu hiyo hiyo antena ya ndani hurusha kwa nguvu ndogo, na simu hulazimika kukaa karibu nayo sana, pengine chini ya mita moja. Abiria wa kiti cha nyuma kabisa asitarajie mengi.

Jambo ambalo husahaulika ni safari ya kurudi. Simu ya 2G hutuma kwa wati mbili kwa juu kabisa, na ya 4G kwa robo moja ya wati au pungufu, ilhali mnara una nguvu nyingi kuliko hizo. Mara nyingi, basi, simu huusikia mnara lakini mnara hausikii simu: vistari vinaonekana, namba inapigwa, na hakuna kinachoendelea. Busta nzuri husaidia hapa kwa sababu hukuza pande zote mbili.

Uwezo huo wa kutuma ndio unaoifanya busta kuwa jambo la sheria. Ikipiga kelele katika masafa ya kampuni ya simu, huweza kuuziba masikio mnara unaohudumia kijiji kizima. Marekani ilitoa kanuni za 2013 zinazoruhusu busta ya gari kukuza hadi desibeli 50, yaani mara laki moja, na kumtaka mtumiaji aisajili kwa kampuni yake. Kwetu, vifaa vya mawasiliano huidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) nchini Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya, na ni haki ya mnunuzi kumwuliza muuzaji uthibitisho wa idhini hiyo kabla ya kulipa. Zile za bei ndogo zisizo na kinga ya kujizima ndizo zenye madhara zaidi.

Kwa anayehitaji intaneti kuliko simu ya kawaida, ningemshauri aanze na ruta ya gari yenye matundu ya antena za nje, inayotumia umeme wa volti 12. Ruta hiyo hupokea mtandao kwa antena zilizo juu ya paa na kuugawa ndani kwa waifai, kwa hiyo simu za abiria hupiga kwa WhatsApp bila lile tatizo la busta kujikuza yenyewe. Kadi za kampuni mbili tofauti nazo husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa Vodacom, Airtel, Halotel na Yas hawana minara mahali pale pale, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku ya minara kwa kampuni tofauti katika kata tofauti. Mtandao ukiwa dhaifu sana, kuilazimisha simu ibaki 2G na kutuma ujumbe mfupi wa maandishi hufaulu pale ambapo mazungumzo hukatika.

Na dharura ikitokea, simamisha gari kwenye kilele cha kilima badala ya bondeni, toka nje, inua simu juu, na upige 112: simu isiyopata mtandao wa kampuni yake huruhusiwa kuipitisha namba hiyo kwenye mnara wa kampuni yoyote inayosikika hapo.