Core 2 Duo Haina Viini Vinne

Katika duka moja la kompyuta kuukuu pale Darajani, Unguja, nilimsikia muuzaji akimsomea kijana kibandiko cha Core 2 Duo, jina la prosesa yake, kilichobandikwa kwenye kompyuta ya mezani, huku akikunja vidole: "Core 2, hivyo viini viwili, Duo, viwili vyengine, jumla vinne, mwanangu, gemu yoyote itakwenda." Hesabu hiyo nimeshaisikia mara nyingi, na safari hii kunyamaza kumenishinda.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ile ya viini viwili ni kifaa kimoja kinachokaa katika tundu moja la madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, lakini ndani yake mna sehemu mbili ambazo kila moja hutekeleza amri za programu kwa nafsi yake. Maana ni hiyo tu. Neno kiini linafaa sana hapa, kwani mtu akipasua yai akakuta viini viwili hasemi kwamba amepasua mayai mawili.

Lawama kubwa si ya muuzaji bali ni ya majina. Core kwa Kiingereza ni kiini, lakini mwaka 2006 Intel, kampuni inayotengeneza prosesa hizo, ililifanya neno hilo kuwa jina la bidhaa, na tangu hapo neno moja linabeba mizigo miwili. Zilianza Core Solo yenye kiini kimoja na Core Duo yenye viwili. Kisha, Julai mwaka huohuo, ikaja familia iliyofuata, Core 2. Kwa hiyo ile 2 ni namba ya familia, kama vile mtu anavyosema toleo la pili la kitabu, na Duo, ambalo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mbili, ndilo linalotaja idadi. Asiyeamini azitazame ndugu zake: Core 2 Solo ina kiini kimoja na Core 2 Quad ina vinne, ilhali kwa hesabu ya vidole, ile Solo ingekuwa na vitatu na Quad sita. Kosa hilohilo limehamia kwenye Core i3, prosesa ya baadaye ya Intel, ambayo watu huipa viini vitatu, hali ya kuwa Core i3 za kompyuta za mezani zilibaki na viwili hadi mwaka 2017.

Mshindani wa Intel, AMD, alikuwa mnyoofu kidogo alipoiita yake Athlon 64 X2 mwaka 2005, ingawa naye aliongeza namba kama 4600+ ambayo si gigahezi (kipimo cha kasi ya saa ya ndani ya prosesa, yaani mabilioni ya mapigo kwa sekunde) wala si idadi ya chochote kilichomo ndani. Athlon hiyo ya 4600+ ilikwenda kwa gigahezi 2.4, sawasawa na Core 2 Duo E6600, na zote mbili zina viini viwili. Hata hivyo E6600 iliishinda waziwazi katika gemu, kwa sababu kila kiini chake kilimaliza kazi nyingi zaidi katika kila pigo la saa.

Hapo ndipo inapoanguka hesabu nyengine, ile ya kujumlisha 2.4 na 2.4 ili kupata 4.8. Wachukuzi wawili wa bandarini Malindi hawafiki ghalani upesi zaidi kwa kuwa ni wawili. Wanachofanya ni kufikisha magunia mawili kwa safari moja. Gemu nyingi za miaka ile zilikuwa gunia moja lisilogawika, zikitegemea kiini kimoja, na faida ya kile cha pili ilionekana pale programu ya kusaka virusi ilipoanza kupekua diski katikati ya mechi na mchezo usikwame.

Muuzaji wetu basi na avikunjue vidole viwili kati ya vile vinne. Akimwambia mteja kwamba ni Core ya familia ya pili, yenye viini viwili, atakuwa amekisoma kibandiko chote bila kuacha hata herufi moja.