Siku 84 za uzazi, siku 28 za baharini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamfikiria mtu anayerudi nyumbani jioni. Mfanyakazi wa rigi, jukwaa la kuchimba gesi baharini, harudi. Anakaa baharini siku 28, anapumzika siku 28, na kila siku ya kazi ni saa 12. Gesi ya kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara bado haijaanza kuvunwa, kwa hiyo nafasi ya kuandika mikataba ya kazi hii vizuri ipo. Kosa ninalolitarajia ni kuichukua sera ya likizo ya ofisini Dar es Salaam na kuibandika huko ilivyo.

Saa za kazi ndizo rahisi. 12 mara 28 ni 336. Gawa kwa wiki 8 za mzunguko mzima, unapata 42 kwa wiki. Sheria inakubali wastani wa saa 40 za kawaida na hadi 10 za ziada, ila lazima uwepo mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi. Bila huo, mkaguzi wa kazi ataona saa 84 kwa wiki.

Likizo ya baba ni angalau siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya ni wiki mbili. Kwa aliye kilomita 100 kutoka pwani na hana kiti kwenye helikopta, tofauti hiyo haimsaidii kitu. Anachohitaji ni ratiba: atoe tarehe ya matarajio miezi 3 kabla, abadilishane na mwenzake wa zamu, asiwe baharini kuanzia wiki 2 kabla ya tarehe hiyo. Andikeni pia nani anamlipa mwenzake kwa siku alizozidisha. Makubaliano ya mdomo huvunjikia hapo.

Kwa mama hesabu ni ngumu zaidi. Anapata siku 84 (100 akijifungua mapacha), na akirudi kazini, saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Atamnyonyesha nani, mtoto yuko Mtwara? Siku 84 ni wiki 12, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, yaani kama wiki 26. Wiki 14 zilizobaki mpeni kazi ya nchi kavu yenye uzito wake: kupanga matengenezo, kusimamia vipuri, kuandaa vibali vya kuanza kazi. Msimweke mapokezi.

Halafu posho ya bahari. Ukiikata siku anayotaja ujauzito, hatautaja. Atapanda helikopta na ngazi za chuma kimya kimya. Sheria inamtaka atoe taarifa miezi 3 kabla ya kujifungua, na kwa kazi hii huko ni kuchelewa mno. Kifungu ninachopendekeza: akitoa taarifa mapema anahamia nchi kavu, na posho inaendelea kwa wastani wa miezi 6 iliyopita mpaka likizo ianze.

Mtego usioonekana uko kwenye cheti. BOSIET, mafunzo ya msingi ya usalama yenye viwango vya OPITO (shirika la viwango vya mafunzo ya kazi za mafuta na gesi), ni siku 3: kuzima moto, kuokoka majini, kutoka kwenye helikopta iliyopinduka. Kwa bahari ya joto kama yetu kuna toleo lisilotumia vazi la kuzuia baridi. Cheti kinadumu miaka 4. Kikiwa hai unakihuisha kwa FOET, kozi ya marudio ya siku 1. Kikishapita tarehe unarudia siku 3 zote. Kwa kawaida mjamzito haruhusiwi kuingia kwenye kibanda cha mfano wa helikopta kinachopinduliwa bwawani, kwa hiyo cheti kinaweza kumfia akiwa likizo. Kila Januari pitieni orodha ya vyeti vinavyokaribia mwisho na muwahishe FOET; kikimfia hata hivyo, gharama ya kurudia na siku hizo 3 ziwe za mwajiri.

Tukiwa bwawani: wengi hukwama kwa sababu ya pupa kuliko kwa kutojua kuogelea. Mtu anafungua mkanda kibanda kikiwa bado kinazunguka, anaelea, hajui tena dirisha liko wapi. Mkono mmoja ubaki kwenye fremu ya dirisha. Subiri mzunguko uishe, sukuma dirisha, ndipo ufungue mkanda. Siku 2 za kuzoea maji kabla ya kozi ni nafuu kuliko ada ya kurudia. Vijana wa Songo Songo na Kilwa mara nyingi hawazihitaji, lakini mchujo ukianza na mtihani wa Kiingereza wanaachwa kabla hawajafika bwawani. Kiingereza cha vibali na redio kinahitajika kweli, na kinafundishika sambamba na ufundi.

Cheti pekee hakimfanyi fundi. Anahitaji daftari la umahiri, kila kazi ikisainiwa na msimamizi aliyemwona akiifanya: kufunga flanji (viungio vya mabomba), kutenga umeme, kupima gesi. Kozi ya bweni ya miezi 9 mfululizo huwapoteza wenye watoto wadogo, wanawake kwanza. Ivunjeni vipande vya wiki 6, na wiki 2 nyumbani kati yake, na kwenye bajeti wekeni nauli ya mlezi pamoja na ya mwanafunzi.