Kodi ya hitilafu imetaja sensa? Usikimbilie kununua sensa

Kiangazi kimoja niliitwa kuangalia greda lililokuwa limesimama siku nne upande wa Kisongo, Arusha. Moramu ilikuwa imeshamwagwa barabarani ikisubiri kusambazwa, upepo unaipeperusha. Opereta akanipokea: “Shikamoo fundi. Sensa ya oili imekufa tena, na hii ni ya pili, mpya kabisa.” Sensa zote mbili, yaani vifaa vya kuipimia kompyuta ya injini presha ya oili, zilikuwa zimeagizwa Dar es Salaam zikaja na basi. Zikafungwa, kodi (namba ya hitilafu kwenye skrini) ikarudi ileile. Hakuna aliyekuwa amepima waya hata mmoja.

Kosa hilo nalikuta kuliko yote, kuanzia karakana za Unga Limited, Arusha, hadi kwenye machimbo ya moramu huko Moshi, na linakula fedha za wenye mitambo bure.

“Kodi imetaja sensa, basi sensa ni mbovu”

Kompyuta ya injini haiioni sensa yenyewe. Inaona volti zinazorudi kwenye waya wa ishara, basi. Sensa ya presha, iwe ya oili au ya hewa ya turbo, kwa kawaida ina nyaya tatu: mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja ni wa hasi, na wa tatu unarudisha ishara, ambayo kwa sensa nyingi hucheza kati ya volti 0.5 na 4.5. Ishara ikitoka nje ya mipaka hiyo, kompyuta inaandika jina la sensa. Waya ukikatika, pini ikishika kutu au soketi ikijaa maji, jina linaloandikwa ni lilelile.

Kwa hiyo soma kodi mpaka mwisho. Kwenye J1939, mfumo wa mawasiliano ya kompyuta unaotumika katika mitambo mingi, kodi ina sehemu mbili: SPN inataja kinachopimwa, FMI inataja aina ya hitilafu. SPN 100 ni presha ya oili. Ikija na FMI 3, volti zimepanda kupita kiasi. Ikija na FMI 4, zimeshuka kupita kiasi. Zote mbili ni habari za umeme, anza na waya. Lakini SPN 100 ikija na FMI 1, kompyuta inakiamini kipimo chake na inakuambia presha imeshuka hadi kwenye hatari. Hapo zima injini, pima oili kwa stiki, kisha funga geji ya mkono mahali pa sensa uisome presha yenyewe. Niliwahi kufika mahali eskaveta imeendelea kuchimba na FMI 1 kwa sababu mtu alisema “hiyo ni sensa tu.” Krenki iliharibika siku hiyohiyo. Inaniuma hadi leo, maana onyo lilikuwa limeandikwa kwenye skrini.

Turudi kwenye greda. Nilipolisoma lilikuwa na kodi tatu, zote za volti kushuka: oili, hewa ya turbo na presha ya reli ya dizeli (bomba linalogawia nozeli mafuta). Sensa tatu hazifi dakika moja. Hizo zilikuwa zinagawana njia moja ya volti 5, na njia hiyo ikigusa chuma cha bodi ya mtambo popote, zote zinakosa umeme. Nikapima: volti 0.3. Nikachomoa soketi za sensa moja baada ya nyingine huku jicho liko kwenye multimita, kipimo cha umeme. Kama volti zingerudi 5 baada ya kuchomoa mojawapo, hiyo ndiyo ingekuwa mbovu. Hazikurudi hata zilipochomolewa zote. Basi tukalifuata fungu la nyaya mpaka nyuma ya brakiti ya turbo, tukakuta mtikisiko umelichubua hadi shaba inaonekana. Kazi ya saa mbili. Sensa ya kwanza waliyoitoa niliipima, ilikuwa nzima.

“Bila laptopu ya kampuni huwezi kupima”

Laptopu inasaidia sana, lakini mitambo mingi huonyesha kodi kwenye skrini yake yenyewe, na multimita inamaliza mengi. Chukua sensa ya joto la maji yenye nyaya mbili, ambayo ukinzani wake hushuka kadiri maji yanavyopata moto. Washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, chomoa soketi: kompyuta inapaswa kuandika FMI 3. Kisha unganisha matundu mawili ya soketi, upande wa nyaya, kwa kipande cha waya: igeuke FMI 4. Ikigeuka, nyaya na kompyuta ni vizima, shughulika na sensa. Isipogeuka, sensa mpya haitakusaidia. Waya wa betri usiuguse kamwe katika zoezi hili.

“Sensa ya hewa inasoma chini, imechoka”

Hii huwapata hasa mafundi waliozoea Dar. Sensa nyingi za presha ya hewa ya turbo hupima presha kamili, yaani pamoja na ya hewa inayotuzunguka, hivyo injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa zinapaswa kusoma hewa ya mahali ulipo. Pwani ni kama kilopaskali 101. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, ni karibu 85 au 86. Moshi, iliyo chini zaidi, ni karibu 91. Ukiona 85 ukiwa Arusha, sensa inasema kweli. Ukiona 101 hapohapo, ndipo uwe na shaka nayo.

“Ifute tu kodi” na “ichomoe, kazi iendelee”

Kufuta kunaondoa maandishi, na pamoja nayo ushahidi wa saa na hali ambayo hitilafu ilitokea. Iandike kwenye daftari kwanza. Kuichomoa sensa au kuidanganya kwa rezista ni kuiondolea injini mlinzi wake, na mwenye mtambo anastahili kuambiwa kabla, si baada ya injini kushika na kukwama.

“Zimesafishwa vizuri kwa pampu ya maji”

Vumbi letu ni laini, linapenya kila mahali, na watu huosha injini kwa presha kubwa siku ya Jumamosi. Jumatatu kodi zinaanza. Usielekeze maji kwenye soketi, na ukikuta mpira wa kuzibia umechanika, ubadilishe. Taa ya kupimia yenye balbu nayo iache kwa kupimia taa za mtambo. Inavuta umeme mwingi kuliko njia ya sensa inavyohimili.

Kuchomelea ndiko kunakoua kompyuta zenyewe. Kuzima swichi hakutoshi: tenganisha betri, chomoa soketi za kompyuta, na klampu ya hasi ifungwe karibu kabisa na pale unapochomelea, juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi.